Wivu Wangu na Nyanya za Kiringye

Aliyeniletea habari alikuwa mteja, mama mmoja wa Kilibula aliyekuja kuchukua blauzi yake. Aliivaa juu ya nguo alizokuja nazo, akajigeuza mbele ya kioo, akasema imemkaa vizuri. Kisha, huku akiivua, akaongeza kama mtu anayeendelea na habari ileile ya blauzi:

"Nimeona bibi yako asubuhi ku barabara ya Kiringye. Alikuwa ku moto na kijana moja. Walikuwa wanacheka sana."

"Ni mwenzake wa shule," nikamjibu.

"Ah, sawa. Nilijua iko kitu kama hicho."

Alipoondoka nikarudi kwenye cherehani, nikashona mkono wa shati ndani nje. Ilibidi niufumue wote.

Habari ya huyo kijana haikuwa siri. Mke wangu alikuwa ameacha masomo ya kilimo tulipooana, akazaa, akauza nyanya na vitunguu sokoni kwa miaka. Mtoto wetu wa mwisho alipoanza kutembea vizuri, akaniambia anataka kurudi kumaliza. Nilikubali, na hakuna aliyenilazimisha. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi anatakiwa kufanya jaribio shambani, aliandike, kisha alitetee mbele ya walimu. Mjane mmoja wa Kiringye, jamaa wa upande wa mama mkwe wangu, aliwapa kipande cha shamba kando ya mfereji. Waligawana: mwenzake vitunguu, mke wangu nyanya. Jumamosi walipanda moto moja, pikipiki ya kijana, kwa sababu njia ya bondeni, yenye watu wa bunduki, si ya mwanamke kupita peke yake. Yote hayo niliyajua. Kwamba walikuwa wanacheka sana, hilo sikulijua.

Kijana mwenyewe alikuwa ananiita shemeki. Alikuwa mrefu, meno yamepangika, na alivaa viatu vyeupe ambavyo, sijui kwa dawa gani, vilirudi kutoka shambani vikiwa bado vyeupe. Akipita mbele ya ateliye yangu ya kushonea hapa Nyamianda alisimama kunisalimu kwa heshima zote, na heshima hiyo ilinichoma zaidi. Angekuwa na kiburi ningekuwa na pa kushikia.

Baada ya ile blauzi nikaanza kumwangalia mke wangu kama ninavyokiangalia kitambaa ninachoshuku kina tundu: namgeuza huku, namgeuza kule, nampeleka kwenye mwanga. Na kweli, niliyoyatafuta niliyaona. Alikuwa anaimba akifua. Alikuwa anajipaka mafuta hata siku ambayo si ya kanisa. Akirudi kutoka Kiringye, vumbi hadi kwenye kope, alikuwa na furaha ya mtu aliyetoka arusini.

Jioni moja alikuwa anasonga bugali, simu ameibana kati ya sikio na bega. Nilikuwa mlangoni natia vifungo kwenye koti la mtu. Nikamsikia:

"Hapana, weye umechanganya. Ile ya kwanza iko huru. Ni minye naamua, hakuna mwingine. Ile ya pili njo inategemea. Na zile zingine zote tunazifunga, zisitusumbue."

Kisha akacheka.

Sindano iliniingia kidoleni. Yuko huru. Ni yeye anayeamua. Kuna wa pili anayetegemea, na wengine wote wanafungwa ili wasisumbue. Nilikaa pale najiuliza mimi niko wapi katika maneno hayo. Chakula kilipoletwa, sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo wa ndagala, hakikushuka.

"Nani iko huru?" nikamuuliza.

"Namna gani?"

"Ku simu. Ulisema iko huru."

Akafikiri kidogo. "Ah! Ni kigeu."

"Kigeugeu?"

"Kigeu, papa. Hatusemi mutu. Ni mambo ya shule."

Akainuka kukusanya sahani. Neno hilo, mambo ya shule, lilinikaa kooni kuliko yote. Kwenye nyumba yangu mwenyewe kulikuwa na chumba ambacho mtu mwingine alikuwa na ufunguo wake na mimi sina.

Nikavumilia hadi Jumapili. Tulipotoka kanisani, watoto wamekimbilia kwa jirani, nikamwambia tuzungumze. Alikuwa ameinamia beseni anaosha mboga.

"Sema basi," akasema. "Unaona nini?"

"Tangu uanze kutembea na ule kijana umebadilika. Unacheka. Unaimba. Unajipaka mafuta. Zamani ulikuwa unarudi jioni husemi hata neno."

Akaacha mboga ndani ya maji, akajipangusa mikono.

"Zamani nilikuwa narudi kutoka wapi?"

"Soko."

"Nilikuwa nakaa ku kivuli ao ku jua?"

"Ku jua."

"Na mutoto alikuwa ananyonya ao hapana?"

"Alikuwa ananyonya."

"Nilikuwa nalala?"

Sote wawili tulijua jinsi mtoto yule alivyokuwa analia.

"Sasa siuzi tena ku jua," akasema. "Mutoto ameacha kunyonya. Nalala. Nimerudi shule, kile kitu nilikuwa nakitamani toka zamani. Na Jumamosi naenda ku shamba na ule kijana. Vitu hivyo vyote vimebadilika mara moja mu maisha yangu, na weye unasema unajua ni kipi kinanichekesha. Unajua namna gani? Umechagua tu kile kinavaa suruali."

Kicheko kilinipanda, wivu ukakizuia kifuani. Nilichoweza kusema ni kwamba Jumamosi ijayo nitakwenda nao, nikajionee mwenyewe.

"Kuja," akasema. Akarudi kwenye mboga zake.

Jumamosi hiyo nilifunga ateliye, nikachukua moto ya pili. Safari nzima nilikuwa nyuma yao. Watu wengine husifu bonde lile, mpunga upande huu, milima upande ule. Mimi niliona migongo miwili tu. Mke wangu hakumshika kijana kiuno, alishika chuma cha nyuma. Lakini penye mashimo mkono ulikuwa unabanduka kwenye chuma na kuyumba hewani, nami nilikuwa naufuata kwa macho hadi urudi mahali pake. Tulipopita Sange nilikuwa nimechoka kama niliyetembea kwa miguu.

Mjane mwenye shamba alitupokea na mihogo ya kuchemsha. Alikuwa mama mwembamba, mpole, aliyeishi peke yake tangu wanawe waende kutafuta maisha, na ilikuwa wazi kwamba Jumamosi zile zilimfurahisha. Yeye ndiye aliyekuwa anamwagilia siku za kazi, ndoo ileile kwa kila tuta, kama walivyoelewana.

Mke wangu alikuwa na matuta matatu ya nyanya. La kwanza aliliacha udongo mtupu. La pili alilifunika kwa majani makavu ya mpunga, tabaka jembamba. La tatu alilifunika tabaka nene. Alitaka kujua kama majani hayo yanasaidia nyanya katika joto la bondeni. Alitegemea lile tupu liwe la mwisho, lakini siku ile lilikuwa linang'aa kuliko mengine.

Akachuchumaa. Mwenzake akaacha vitunguu vyake, akaja kuchuchumaa kando yake. Vichwa vyao viliinama pamoja juu ya mche mmoja. Mimi ni fundi nguo, jicho langu linapima hata nisipotaka: kati ya kichwa na kichwa pangepita mkono wa shati, usiokunjwa.

"Gusa hapa," mke wangu alimwambia. "Udongo iko baridi."

"Ni kweli. Kuna mutu ameongeza maji."

Wakamwita mjane, wakamuuliza polepole. Hakuficha.

"Ni minye," akasema. "Yale mengine mumeyavika majani. Hili mumeliacha uchi ku jua. Kila asubuhi nikipita linaniangalia. Nikaanza kuliongezea kidogo, binti yangu. Nimeharibu?"

Mke wangu hakukasirika. Alimketisha ukingoni mwa mfereji, akakaa kando yake, akamweleza. Hapo ndipo mimi, mumewe, niliposikia kwa mara ya kwanza ni nini alichokuwa anakisema kwenye simu. Tena alikuwa anamweleza mjane, si mimi.

"Mama, katika jaribio kuna kitu kimoja minye nakibadilisha kwa makusudi. Hapa ni majani: hakuna, kidogo, mengi. Hicho tunakiita kigeu huru, kwa sababu ni minye nakiamua. Halafu kuna kile nakipima mwisho, uzito wa nyanya. Hicho ni kigeu tegemezi. Chenyewe hakiamui kitu, kinafuata yale majani yamefanya. Lakini kuna vitu vingine pia vinaweza kubadilisha nyanya: mbegu, udongo, siku ya kupanda, nafasi kati ya muche na muche, maji. Hivyo ni vigeu vya kudhibiti. Lazima vifanane ku matuta yote. Sasa, tuta hili halina majani na limepata maji zaidi. Likizaa vizuri, nitasema ni juu ya nini? Sitajua."

"Kwa hiyo linapaswa kuteseka tu?" mjane akauliza.

"Yote yateseke sawasawa, mama," kijana akadakia, na wote watatu wakacheka.

Mimi sikucheka. Kijana akanigeukia, labda kwa kuona nimesimama peke yangu.

"Weye shemeki unayajua haya kuliko sisi. Ukitaka kujua kati ya nyuzi mbili uzi gani iko nguvu, utafanya nini? Utashona zote ku kitambaa kimoja, na sindano moja, mashini moja. Ukishona huu ku jinzi na huu ku hariri, umejua nini?"

Ulikuwa mfano mzuri. Nilielewa palepale, kila kitu, kile cha huru na cha tegemezi na vile vinavyofungwa. Na nilimchukia kwa hilo. Alikuwa ameichukua kazi yangu, mkate wangu wa kila siku, na kwa kutumia hiyo ameniingiza katika chumba nilichokuwa nimekaa nje yake. Nilitaka anayenifungulia awe mke wangu.

"Nimeelewa," nikasema, na sauti ilitoka kavu.

Mjane naye alisema ameelewa, ila hawezi kupita asubuhi akaona mmea umenyauka na kuendelea na njia yake. Mke wangu akafikiri, akamwambia: "Basi, mama, ukilionea huruma tuta moja, yape yote matatu kipimo kilekile. Hata huruma yako tuifananishe." Mjane akakubali kwa furaha. Lakini nyanya zilizokuwepo hazikufaa tena kwa jaribio. Ziliachwa kuwa mboga za mwenye shamba, na mke wangu akapanda upya.

Miche mipya ilipokuwa bado midogo, kijana akapata kazi Kalemie. Alikuja kuniaga ateliye, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Vitunguu vyake aliviacha ardhini. Alisema kazi haisubiri, shule ataimalizia mbele. Nilimtakia safari njema na, Mungu anisamehe, nilikuwa namaanisha safari yenyewe.

Nilifunga mapema siku hiyo, nikanunua mikate ya watoto. Nikamkuta mke wangu ameketi nyuma ya nyumba analia.

Nilisimama na mikate mkononi. Miaka yote ya soko na jua na mtoto asiyelala sikuwahi kumwona analia hivyo. Wivu uliokuwa unatafuta ushahidi tangu siku ya blauzi sasa uliupata, tena wenye machozi.

"Unamlilia?" nikauliza.

"Namlilia, ndiyo," akasema bila kujificha. "Nani atashika upande wa pili wa kamba nikipima? Nani ataniambia nimekosea? Weye unafikiri kazi hii mutu anaifanya peke yake?"

"Minye nitakuja."

Akaniangalia kama anayepima kitambaa asicho na uhakika kama kitatosha. "Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

Nikaenda. Jumamosi ambazo bonde lilikuwa na kelele za bunduki tulibaki nyumbani wote, na yeye alizunguka uani kama kuku aliyefungwa mguu. Nyingine zote nilifunga ateliye, wateja wakanung'unika, nami nikashika upande wa pili wa kamba. Nilijifunza kuchagua nyanya, kuzipanga kwa tuta zake, kusoma mizani na kusema namba kwa sauti bila kuipendelea. Maana nilikuwa natamani tabaka nene lishinde kwa vile yeye alilitamani, na mara ya kwanza nilisoma mizani kwa ukarimu. Alikuja akaisoma upya, akanitazama, akaandika namba yake.

Kuna siku tulipokuwa tunarudi, yeye nyuma yangu kwenye moto niliyokuwa nimeazima, alianza kucheka. Alikuwa amekumbuka neno la mjane. Alicheka sana, kama alivyoniambia yule mteja. Moyo wangu ukaruka: kijana ameondoka, kicheko kimebaki, kwa hiyo hakikuwa chake! Nilikuwa karibu kumwambia. Kisha nikafikiri zaidi kidogo, maana nilikuwa nimeshafundishwa. Siku ileile alipoondoka yeye, niliingia mimi. Nilikuwa nimebadilisha vitu viwili kwa pamoja, na nikisema hivyo mke wangu atanimaliza kwa swali moja. Nikaendesha tu.

Sitadanganya kwamba wivu uliisha. Ulihama tu. Shambani alikuwa anachuchumaa mbele ya mche, anainua majani ya mpunga kwa vidole viwili, anatazama chini yake, na unaweza kumwita mara mbili asikusikie. Mimi nilimjua mwanamke huyu tangu akiwa msichana, na sikuwahi kutazamwa namna ile. Nilisimama na ndoo yangu nikiionea wivu nyanya.

Matokeo hayakuwa aliyoyataka. Mvua zilipoongezeka, tabaka nene lilishika maji mengi mno, mashina yakaanza kuoza. Tuta lenye tabaka jembamba ndilo lililotoa nyanya nzito. Lile tupu lilitoa ndogo, zenye mipasuko. Nilimuuliza kama itamharibia kazi, akashangaa. "Nimepata jibu," akasema. "Itaharibika namna gani?"

Siku ya kutetea, nilikuwa nimemshonea suti ya kitenge cha bluu, na nilikwenda mapema kuchukua kiti cha mbele. Kabla hajaanza, mtu akaja kuketi kando yangu. Nikaona viatu vyeupe kwanza.

"Shemeki! Sikuweza kukosa siku hii."

Tangu hapo sikusikiliza vizuri. Nilikuwa nayalinda macho ya mke wangu. Alisoma, akaonyesha michoro yake, akajibu maswali mepesi. Ndipo mwalimu mmoja, mzee mwenye sauti ya chini, akamuuliza: "Mvua ilinyesha sana mwishoni. Hukuidhibiti. Utasemaje kwamba tofauti imetoka kwenye majani na si kwenye mvua?"

Nikajua sasa ataangalia upande wetu, na nitaona anamtafuta nani.

Hakumtafuta yeyote. Alitazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa mezani, kisha akainua uso kwa mwalimu.

"Mvua siwezi kuizuia," akasema. "Lakini ilinyesha kwa matuta yote matatu, haikuchagua moja. Kwa hiyo tofauti kati yao haitoki kwake peke yake. Kitu kimoja tu siwezi kusema: mwaka wa ukame, labda tabaka nene lingeshinda. Kwa hilo lazima jaribio lingine."

Mzee akaitikia kwa kichwa na kuandika.

"Jibu hilo sikulijua," kijana akanong'ona kando yangu. Nikamgeukia. Alikuwa bado anamwangalia mke wangu, midomo imebana, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho nilikijua vizuri, kwa kuwa nilikuwa nimelala nacho na kuamka nacho mwaka mzima. Vitunguu vyake vilikuwa vimechimbwa na mjane, vikaliwa. Alikuwa anamwonea wivu mke wangu kwa kumaliza, wala hakunionea mimi. Kwa dakika chache pale, kwenye viti vya plastiki, tulikuwa wanaume wawili wenye ugonjwa mmoja, na ndiyo mara pekee niliyompenda.

Nje kijana alinipa simu yake niwapige picha, yeye na mke wangu. Niliwapiga. Walisimama karibu, nikawaacha hivyohivyo.

Mchana tulikula kwa mama mkwe, ndugu wamejaa hadi barazani. Walimtaka asimulie, akasimulia: mjane na huruma yake, mwenzake na mfano wa nyuzi, yule mzee na swali la mvua. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nasubiri nifike katika hadithi. Nilifika mwishoni kabisa.

"Na papa watoto," akasema, "alikuwa anatubebea maji."

Wote wakacheka, nami nikacheka nao, nikingoja aongeze neno. Hakuongeza. Mtu alikuwa amemuuliza jambo lingine, juu ya masomo ya mbele, na tayari alikuwa anajibu kwa mikono yote miwili. Katikati ya maelezo yake alinyoosha mkono bila kuniangalia, akasukuma sahani ya samaki hadi mbele yangu. Nikala.